Mandera Haihitaji Nguzo za Kijani

Kando ya Mto Daua, kuanzia Malka Mari hadi mji wa Mandera pale Kenya inapopakana na Ethiopia na Somalia kwa pamoja, shamba lisilo na uzio si shamba, ni malisho. Mbuzi anayeteremka mtoni kunywa maji haulizi kitunguu ni cha nani. Ngamia naye hana haja ya kuingia ndani: ananyoosha shingo tu, mpapai umekwisha. Katika nchi inayopata takribani milimita 250 za mvua kwa mwaka, kila jani la kijani kwenye ukingo ule limegharimu mafuta ya pampu na jasho la mtu, na kila mnyama wa jirani analiona kutoka mbali.

Ndiyo maana mjadala wa nguzo za uzio, ambao mkulima wa Kiambu huumaliza kwa kwenda dukani, Mandera una uzito wa mjadala wa mbegu na maji. Mkulima wa Rhamu au Khalalio anayepanda vitunguu, maembe, ndizi na ufuta kwa samadi ya mbuzi na ngamia amekwishavuka nusu ya safari ya kilimo hai bila kuhudhuria semina hata moja. Samadi anayo tele. Kinachomsumbua ni kuilinda bustani, na sasa jibu linaloletwa na wahisani, wakandarasi na wenye fedha zao wenyewe ni lile lile: nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa, zenye rangi ya kijani kibichi, zikipakiwa kwenye lori kutoka nyanda za juu na kusafirishwa zaidi ya kilomita elfu moja. Ni jibu baya, na ubaya wake hauishii kwenye gharama ya lori.

Ile rangi ya kijani ni ya shaba. Nguzo huingizwa ndani ya mtungi mkubwa wa chuma, hewa ikavutwa nje, kisha maji yenye chumvi za kromiamu, shaba na aseniki yakasukumwa ndani ya mti kwa shinikizo. Mchanganyiko huo ulibuniwa mwaka 1933 na mwanasayansi wa India, Sonti Kamesam, na kwa kazi uliyokusudiwa haujapata mpinzani wa maana: shaba huua ukungu, aseniki humfukuza mchwa, kromiamu huzigandisha hizo mbili kwenye nyuzi za mti zisisombwe na mvua. Mkaratusi mchanga usiotiwa kitu, ukizikwa kwenye udongo wenye unyevu, huoza ndani ya miaka michache. Ukitiwa dawa hiyo unadumu miongo. Hakuna haja ya kuwasingizia wanaozitengeneza, walichoahidi wanakitimiza.

Na ni haki kusema hivi pia: kitunguu kilichopandwa hatua mbili kutoka kwenye nguzo hiyo hakigeuki kuwa sumu. Aseniki inayovuja hubaki zaidi kwenye udongo ulioizunguka nguzo, haitembei shambani kama maji ya mfereji. Wanaotisha wakulima kwa hadithi za shamba zima kuangamizwa na nguzo kumi wanaharibu hoja nzuri kwa kuitia chumvi.

Hoja yenyewe iko jikoni. Mandera mti hautupwi. Nguzo iliyovunjika, kipande kilichobaki baada ya kukata urefu, hata vumbi la msumeno, vyote vina mwisho mmoja: chini ya sufuria. Kuni ndizo nishati ya nyumba nyingi za kaunti hiyo, na mama anayetembea saa kadhaa kutafuta mzigo hawezi kuipita nguzo kavu iliyolala karibu na ua wake eti kwa sababu ina rangi ya kijani, ambayo baada ya miaka kumi ya jua la Mandera imekwisha kuwa kijivu kama ya mti mwingine wowote. Ikichomwa, sehemu ya aseniki hupanda na moshi na iliyobaki hukusanyika kwenye majivu. Majivu hayo yatasugulia sufuria, yatamwagwa bustanini kama mbolea, yatanyunyizwa kwenye mboga kuzuia wadudu. Kila njia ya kale ya kutumia majivu inageuka kuwa njia ya kusambaza sumu.

Hili si jambo la kufikirika. Mwaka 1984 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha habari za familia moja ya watu wanane huko Wisconsin, mashambani, iliyokuwa ikiota moto wa jiko la kuni kila majira ya baridi. Kwa miaka mitatu familia nzima iliugua kwa mzunguko: macho mekundu, vifua, upele, ganzi ya viungo, nywele kunyonyoka. Ilipochunguzwa, chanzo kilikuwa mbao zilizotiwa mchanganyiko ule ule wa aseniki, walizokuwa wakizitia jikoni kama kuni. Hao walikuwa watu wenye nyumba yenye bomba la kutolea moshi. Jiko la mafiga matatu ndani ya nyumba ya Kisomali ya fito halina bomba.

Watengenezaji wa Marekani walikubaliana na mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo kuacha kuuza mbao za aina hiyo kwa matumizi ya nyumbani ifikapo mwisho wa mwaka 2003. Nguzo za mashamba ziliruhusiwa kuendelea. Lakini kanuni za kilimo hai za huko huko, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2002, zilikuwa zimekwisha kufunga mlango: shamba la kilimo hai haliruhusiwi kusimika nguzo mpya yenye aseniki mahali inapogusana na udongo au mifugo. Afrika Mashariki nayo ina kiwango chake cha kilimo hai tangu mwaka 2007, pamoja na alama ya Kilimohai inayobandikwa kwenye bidhaa. Embe la Mandera likitaka kufika siku moja kwenye rafu hizo, mkaguzi hataangalia embe peke yake. Ataangalia na kilichomo ardhini.

Basi mkulima asimike nini?

Jibu la mababu lilikuwa boma la miiba. Matawi ya migunga hukatwa, yakaburutwa na kupangwa duara kuzunguka zizi au shamba, miiba ikitazama nje. Ni uzio wa bei nafuu kwa anayeuona mara moja. Ukiuhesabu kwa miaka kumi, hakuna uzio ghali kuushinda, kwani mchwa huanza kuyala matawi hayo kutoka chini tangu wiki ya kwanza, na baada ya msimu mmoja au miwili duara zima linarudiwa upya. Kila marudio ni migunga mingine iliyokatwa viungo. Huko Dadaab, katika kaunti ya Garissa, kambi zilizofunguliwa kuanzia mwaka 1991 zilionyesha jinsi ardhi inavyoweza kukombwa miti kwa ajili ya kuni na ua kwa muda mfupi. Huko pia ndiko uzio ulikopata kazi isiyohusiana na mbuzi: kufuatia ubakaji wa wanawake kambini, mwaka 1993 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha mpango ambao sehemu yake ilikuwa kupanda ua wa miiba iliyo hai kuzunguka makazi. Ua uliopandwa, si uliokatwa. Tofauti hiyo ni kubwa, na tutairudia.

Kinachofanya mti fulani udumu ardhini bila dawa si ugumu wake tu. Mti unapokua, sehemu ya katikati huacha kupitisha maji na kujazwa na kemikali za mti wenyewe: utomvu, tanini, mafuta. Hicho ndicho kiini, na mara nyingi hujitambulisha kwa rangi iliyokoza. Sehemu nyeupe inayokizunguka ina wanga na sukari, na kwa bungua na mchwa hiyo ni karamu. Haijalishi mti una sifa gani kijijini. Sehemu yake nyeupe haidumu. Fito changa ya mti bora kabisa, ambayo bado ni nyeupe tupu, itaoza mbele ya gogo nene la mti wa kawaida wenye kiini. Wakulima wengi wanaolalamika kwamba mti fulani “siku hizi haudumu kama zamani” hawajadanganywa na mti. Wamekata mtoto wake.

Kenya iliwahi kuwa na mfalme wa nguzo zisizo na dawa. Mwangati, au mtarakwa kama unavyojulikana na wengi nyanda za juu, ulizungushiwa mashamba ya Laikipia, Nakuru na Naivasha enzi za walowezi, na ziko nguzo zake zilizodumu kuliko waliozisimika. Kiini chake chekundu chenye harufu kali mchwa hukikwepa. Sifa hiyo ndiyo iliyouponza. Ni mti unaokua polepole, na misitu yake ilikatwa kana kwamba itarudi keshokutwa, hadi uvunaji wa miti ya asili katika misitu ya serikali ukapigwa marufuku. Upande wa pili wa mpaka, karibu na Negele huko Borana ambako maji ya Daua hupitia nchi ya Ethiopia, bado kuna misitu ya mwangati. Mfanyabiashara mwerevu anaweza kuona hapo njia fupi: nguzo za mwangati zikavushwa hadi Mandera kwa urahisi kuliko mkaratusi wa Nyeri. Njia hiyo isifunguliwe. Kumaliza msitu unaoshikilia maji ya mto ili kuzungushia uzio shamba linalotegemea mto huo huo ni hesabu ya mwendawazimu.

Argentina walilipa bei ya kosa kama hilo. Mti wa quebracho wa nyika za Chaco ulikuwa mgumu na wa kudumu mno, ukafanywa nguzo za uzio na mataruma ya reli, na kampuni za tanini zikaumalizia. Maeneo makubwa yalibaki vichaka. Lamu nayo ilipeleka boriti za mikoko Uarabuni kwa karne nyingi, nyumba za Ghuba zikaezekwa kwa mikoko ya Bajuni, hadi serikali ilipozuia usafirishaji huo mwaka 1982. Kila mti unaosifiwa kwa kudumu hufuatwa na shoka mpaka ubaki sifa tu.

Mandera yenyewe ina hareri, ambao watu wa pwani huufahamu kama mwanga, mti wa jamii ya mikungu wenye miiba. Wajenzi wa pwani wameutegemea kwa nguzo za nyumba kwa sababu mchwa huushindwa. Kila mzee wa nyika ya kaskazini mashariki akiulizwa nguzo nzuri ni ipi, hareri haukosi kwenye orodha. Lakini nao hukua taratibu, na kwenye nchi kavu kama hii mti mmoja mnene ni kazi ya miaka mingi ambayo hakuna mtu aliyeifanya. Nguzo chache za mlangoni, sawa. Kuzungushia hekari kumi kwa hareri ni kuikopa nyika mkopo usiolipika.

Umebaki mti ambao hakuna atakayeulilia.

Mathenge, ambao Wasomali wa Garissa huuita aligarob, ulipandwa Kenya kuanzia mwaka 1973 huko Bamburi, Mombasa, kwa nia njema ya kuotesha kitu kwenye machimbo ya chokaa. Miaka ya 1980 ukapelekwa Baringo na kwenye nyika nyingine uzuie jangwa na kuwapa watu kuni. Ulifanya zaidi ya ulichoagizwa. Kingo za Tana, mabonde ya Turkana, viunga vya Garissa na ukingo wa Daua wenyewe vikavamiwa na vichaka visivyopitika, vyenye miiba inayotoboa matairi na kuchoma kwato. Mwaka 2006 jamii ya Wailchamusi wa Baringo iliishtaki serikali na kumfikisha Nairobi mahakamani mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda matamu ya mti huo, kielelezo ambacho hakuna wakili aliyeweza kukihoji. Mwaka 2008 serikali ikautangaza rasmi kuwa gugu hatari.

Gugu hilo lina kiini chekundu cha hudhurungi, kizito na kigumu. Mita moja ya ujazo ya mti wake mkavu hufikia kilo 700 hadi 900. Ndugu zake wa Texas na kaskazini mwa Meksiko wamefanywa nguzo za ranchi tangu wafugaji wa huko walipoanza kufunga waya, bila kutiwa dawa yoyote. Mti unaodumu, unaokua haraka, ulioko mtoni tayari, na ambao kila mtu anataka uondoke: kama kuna mahali soko na mazingira vinaombana radhi, ni hapa.

Kwa nini basi hautumiki? Sehemu ya jibu ni umbo. Mathenge hunyooka kwa nadra. Shina lake hujipinda, hutoa matawi tangu chini, na afisa anayepokea nguzo za mradi huzipenda zikiwa zimenyooka kama penseli. Mbuzi hajali. Waya wa seng'enge au wavu wa chuma hushikwa na nguzo iliyopinda sawasawa na iliyonyooka, ilimradi vichwa vya nguzo viwe mstari mmoja, na nguzo ya uzio haihitaji kuwa ndefu: mita mbili na robo zinatosha, sentimita 60 zikiwa ardhini. Vipande vya urefu huo vyenye unyoofu wa kuridhisha hupatikana kwenye miti mikubwa. Ni kazi ya kuchagua, si kazi ya kubahatisha.

Sehemu nyingine ya jibu ni uzoefu mbaya. Watu wamekata mathenge, wamesimika, na ndani ya mwaka nguzo imetoka unga. Karibu kila mara hadithi hiyo ina makosa yale yale: mti mwembamba, gome halikutolewa, ukasimikwa ungali mbichi. Nguzo nzuri itoke kwenye shina la unene wa sentimita 12 au zaidi, lenye kiini kinachoonekana wazi kwenye mkato, kikichukua sehemu kubwa ya upana wake. Gome litolewe siku hiyo hiyo, kwa sababu chini ya gome ndipo bungua hutaga na mchwa hujificha. Kisha nguzo zipangwe juu ya mawe, kivulini, hewa ikipita, kwa miezi michache kabla ya kuzikwa. Jua la Mandera hukausha haraka mno na kupasua mti. Kivuli ni cha lazima. Mwenye subira na shoka kali anaweza kuichonga ile sehemu nyeupe upande wa chini, futi mbili na nusu hivi, akabaki na kiini peke yake mahali kitakapogusana na udongo.

Nguzo haiozi chini kabisa wala haiozi juu. Huoza usawa wa ardhi, pale hewa na unyevu vinapokutana. Kwenye nyika kavu ya Lafey au Takaba ukungu hupata kazi ndogo, adui mkuu ni mchwa. Kwenye shamba la umwagiliaji la ukingoni, maadui wote wawili wamealikwa, na mfereji unaopita karibu na mguu wa nguzo ni chakula kwao. Sogeza mfereji. Jaza kokoto kuzunguka nguzo ili maji yateremke, na udongo uinuliwe kidogo maji yasituame. Kumwaga saruji kama kikombe chini ya nguzo ya mti ni kuitengenezea bakuli la maji.

Na ile desturi ya kuchoma ncha mpaka iwe makaa? Inapendwa, inaonekana ya kitaalamu, na wazee huitetea kwa nguvu. Majaribio ya maabara ya mazao ya misitu ya Marekani yaliipa alama ndogo sana: makaa yenyewe hayaliwi, lakini hupasuka, na nyuma ya nyufa mti ni ule ule. Anayetaka kuchoma achome, ila asidhani amefanya badala ya kuchagua kiini. Oili chafu ya gari ndiyo isiyo na udhuru kabisa. Inachafua udongo, ina metali zilizosagika kutoka kwenye injini, haipenyi ndani ya mti zaidi ya ngozi, na shamba lililopakwa oili hiyo limeupoteza uhalali wa kujiita la kilimo hai.

Kuna pingamizi moja la kuheshimiwa. Wanaopigana na mathenge wanahofu kwamba ukishaupa thamani, watu wataanza kuutunza, au kuusambaza hadi kule usikofika. Hofu hiyo ina msingi. Shina lililokatwa juu ya ardhi huchipua vichipukizi vingi, na kichaka kilichokatwa ovyo hurudi kikiwa kinene kuliko mwanzo. Kwa hiyo ukataji wa nguzo uwe ung'oaji: shina likatwe sentimita 20 hadi 30 chini ya ardhi, pale machipukizi yanapoanzia, na eneo lipandwe kitu kingine mara moja, ikiwezekana nyasi za malisho. Nguzo yenyewe, iliyotolewa gome na kukaushwa, haiwezi kuota. Kinachousambaza mti huu ni mbegu ndani ya maganda yanayoliwa na mifugo na kutoka na kinyesi zikiwa hai, tena zikiwa na mbolea yake. Maganda yakisagwa unga, mbegu hufa na mbuzi hupata chakula. Lori la nguzo safi halisambazi mathenge. Kundi la mbuzi walioshiba maganda ndilo linalousambaza. Mafuriko vilevile: Daua ilipofurika mwezi Novemba 2023 na kuzihamisha familia za mji wa Mandera, maji yalibeba udongo, nyua na bila shaka mbegu.

Mafuriko hayo yanakumbusha jambo ambalo wauza nguzo hawalitaji. Ukingoni kabisa, nguzo hazifi kwa uzee. Zinachukuliwa. Kuweka pale nguzo ya bei ya miaka 30, iwe ya dawa, ya chuma au ya saruji, ni kuitupa mtoni. Na ikiwa ni ya dawa, kuitupa mtoni pamoja na aseniki yake, imfikie anayechota maji chini huko Dolo. Sehemu hiyo inafaa ua ulio hai. Matawi ya jamii ya mbambara, yakipandikizwa mwanzo wa mvua, hushika mizizi yenyewe. Mhina hustawi kandokando ya mito na majani yake yana soko katika kila harusi ya Kisomali. Dungusi kakati lisipandwe hata kwa bure: Laikipia wanahangaika hadi leo na aina iliyoletwa kama pambo, ikatapakaa malishoni na kuwatoboa mifugo matumbo.

Kwa miaka ijayo kuna mukau. Ni mti wa nyika hizi hizi, asili yake ni Kenya, Somalia, Ethiopia na Tanzania. Mchwa hauuwezi, na hufikia unene wa mbao ndani ya miaka 10 hadi 15, mwendo ambao mwangati hauwezi kuuota. Taasisi ya Utafiti wa Misitu Kenya, KEFRI, ikishirikiana na Wajapani wa JICA, ilifanya kazi kubwa kati ya 2012 na 2017 ya kuchagua mukau unaostahimili ukame, vituo vyake vikiwa Kitui na Kibwezi. Mbegu yake ni ngumu kuotesha. Kokwa hupasuliwa kwanza na mbegu ikakwaruzwa kidogo kwa wembe kabla ya kulowekwa, na asiyejua hilo hulaumu udongo. Kitui wanawake wa vikundi huifanya kazi hiyo kwa ustadi na kuuza miche. Hakuna sababu ya kundi la Rhamu kushindwa. Ila mche wa mukau hupendwa sana na mbuzi, kwa hiyo unahitaji uzio ili nao uje kuwa uzio, na uzio wa kuanzia ndio huo wa mathenge.

Serikali ya kaunti, mashirika ya misaada na kamati za umwagiliaji ndio wanunuzi wakubwa wa nguzo Mandera, kuliko mkulima yeyote mmoja mmoja. Zabuni zao zinapoandika “nguzo zilizotiwa dawa, zilizonyooka” zinaamua mambo matatu kwa mstari mmoja: fedha ziende nyanda za juu, aseniki ije kwenye mafiga ya Mandera, na mathenge ubaki ukingoni ukiongezeka. Maneno hayo yabadilishwe. Iandikwe nguzo za kiini cha mathenge, zisizotiwa dawa, zenye unene usiopungua sentimita 12, zilizotolewa gome na kukaushwa kivulini, zilizotoka kwenye visiki vilivyong'olewa. Vijana wenye mashoka na misumeno wako Rhamu, wako Khalalio, na hawahitaji lori kuwafikia. Kaunti iwaombe KEFRI wazike vipande vya mathenge, mukau na hareri kwenye udongo wa ukingoni na kwenye nyika ya ndani, kisha wavichimbue kila mwaka mbele ya wakulima, kila mtu ajionee kipi mchwa amekiacha.

Na kama nguzo za kijani ziko shambani mwako tayari, usizing'oe kwa hofu. Panda mboga za majani na mizizi mbali nazo kidogo, usiruhusu mifugo kuzilamba, na siku zitakapovunjika zisikanyage jikoni.